Abaki au aende? Hesabu ya mchezaji anayemaliza mkataba

Kila msimu ukikaribia kuisha mabishano ni yaleyale. Klabu ina wachezaji sita au saba wanaomaliza mikataba, mashabiki wanaanza, huyu lazima abaki, huyu apewe mkono wa kwaheri, huyu katubeba misimu mitatu mnamuachaje aondoke bure jamani. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa upande huo, nilikuwa naamini kabisa kwamba klabu kumuacha mchezaji mzuri aondoke bila hela ni uzembe wa viongozi na hakuna maelezo mengine. Ila ukikaa ukaifuatilia hii biashara vizuri unakuja kugundua kwamba ule mjadala wa mwezi wa tano karibu wote umechelewa. Uamuzi wenyewe ulitakiwa ufanyike miaka miwili nyuma, na hata klabu ambayo unaona haijaamua kitu, ukweli ni kwamba imeshaamua, imeamua kwamba mchezaji na wakala wake ndo watakaochagua.

Tuanze na sheria, maana bila sheria huwezi kujua nani ana nguvu na ana nguvu lini.

Zamani mkataba ukiisha ulikuwa bado hujawa huru. Jean-Marc Bosman, kiungo Mbelgiji aliyekuwa RFC Liège, mkataba wake uliisha mwaka 1990, klabu ikamwambia akitaka kubaki atalipwa robo tu ya mshahara wa mwanzo, yeye akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, Liège ikagoma kumuachia mpaka ilipwe dau, yaani ada ya uhamisho. Fikiria hali hiyo, mkataba huna, mshahara umekatwa, na bado huruhusiwi kwenda kufanya kazi kwingine. Akaenda mahakamani, kesi ikavutwa miaka mitano, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya mkataba ukiisha anaruhusiwa kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila kulipiwa dau. Maisha yake ya uwanjani yaliishia kwenye ile kesi, ila kila mchezaji huru unayemsikia leo anapita kwenye mlango alioufungua yeye.

Kingine ni kanuni za FIFA. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa mwisho wake ni miaka 5, na kama hajafikisha miaka 18 mwisho ni miaka 3. Halafu ikibaki miezi 6 au pungufu mkataba uishe, mchezaji anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, hasa ya nje, kwa sababu ligi nyingine zina masharti yake ya ndani. Mikataba mingi ya Ulaya inaisha tarehe 30 Juni, kwahiyo hesabu yake inaangukia tarehe 1 Januari. Ikifika siku hiyo hujamsainisha, anaweza kuwa tayari ni wa mtu mwingine huku bado anavaa jezi yako na unamlipa wewe.

Sasa ukiviunganisha hivi vitu unaona nguvu inavyohama. Mchezaji akiwa na miaka mitatu mbele klabu ndo inapanga bei, mtu akimtaka alete hela. Ikibaki miwili mpo sawa, na huo ndo wakati wa kukaa mezani, mkikubaliana anaongeza na mkishindwana unamuuza kwa bei inayoeleweka. Ikibaki mmoja bei imeshaporomoka, maana anayemtaka anajua akivumilia miezi michache anampata bila dau, na mchezaji naye anajua kwamba ile hela ambayo ingeenda kwa klabu inaweza kuingia kwenye mshahara wake na kwenye ada ya kusaini. Ndo maana wengine wanagoma kabisa kusaini, hawana chuki na klabu, wanafanya hesabu tu na hesabu yao iko sahihi.

Borussia Dortmund walikutana na hili kwa Robert Lewandowski. Kiangazi cha 2013 alikuwa amebakiza mwaka mmoja, kila mtu anajua anaenda Bayern Munich, na Bayern walikuwa wameshamchukua Mario Götze kwa euro milioni 37 kiangazi hichohicho. Dortmund wakakataa kumuuza, wakasema atacheza mpaka mwisho wa mkataba. Januari 2014 akatangazwa kusaini Bayern, na msimu huo bado akawa mfungaji bora wa Bundesliga kwa magoli 20, Dortmund wakamaliza nafasi ya pili. Wengi wanaitaja hii kama mfano wa klabu kutupa hela, mimi naona sio sawa, mwaka ule mmoja waliununua kwa dau ambalo wangelipata na wakautumia vizuri. Palipoharibika ni baada ya hapo. Waliyemleta kuziba nafasi, Ciro Immobile, alifunga magoli 3 tu ya ligi msimu wa 2014/15, timu ikafika mpaka mkiani mwezi Februari, mwisho wakamaliza wa saba na kocha wao Jürgen Klopp akaondoka. Kwahiyo unapouliza huyu abaki au aende, nusu ya swali ni yule anayekuja baada yake, na ukilijibu bila hiyo nusu hujajibu kitu.

Nusu nyingine ndo inayowapoteza watu wengi, nayo ni kwamba mkataba mpya haulipi alichofanya mchezaji, unalipa atakachofanya. Inaonekana ni kitu rahisi sana ukikisema lakini nenda kaangalie maamuzi ya klabu kubwa utaona jinsi moyo unavyoshinda. Arsenal mwanzoni mwa 2018 walikuwa na wachezaji wawili wakubwa wanaomaliza mikataba kwa mpigo, Alexis Sánchez akaondoka kwenda Manchester United mwezi Januari, na kwa kuogopa kubaki mikono mitupu wakamuongezea Mesut Özil mkataba mpaka 2021 kwa mshahara mkubwa kuliko wote kwenye klabu. Alikuwa na miaka 29. Kufika Oktoba 2020 hakuwepo hata kwenye kikosi kilichosajiliwa, Januari 2021 akaenda Fenerbahçe. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Septemba 2020, hili la Özil likiwa halijaisha, walimuongezea Pierre-Emerick Aubameyang miaka mitatu akiwa na miaka 31, kwa sababu alikuwa ametoka kufunga magoli 22 ya ligi na kuwabebea kombe la FA. Msimu uliofuata magoli 10 ya ligi, Desemba 2021 kavuliwa unahodha, mwanzoni mwa Februari 2022 yupo Barcelona na Arsenal hawajapata dau. Niliifurahia sana ile video yake ya kusaini, naikumbuka, mashabiki karibu wote tulifurahi, na ndo hapo nilipoanza kuelewa kwamba furaha ya mashabiki siku ya kusaini haikwambii chochote kuhusu mwaka wa pili na wa tatu wa mkataba.

Simaanishi kwamba kila aliyevuka 30 atemwe. Umri unategemea anacheza namba gani na anategemea nini uwanjani. Winga anayeishi kwa mbio, anayempita beki kwa kasi ya hatua tano za kwanza, ile kasi ikipungua kidogo tu anakuwa mchezaji mwingine kabisa, hapo kuwa makini sana na miaka mitatu. Beki wa kati anayesoma mchezo mapema, kipa, kiungo anayecheza kwa akili na pasi, hao wanadumu. AC Milan walimuachia Andrea Pirlo mwaka 2011 akiwa na miaka 32 wakati wametoka kuchukua ubingwa, akaenda Juventus bure na akachukua ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo. PSG walimuachia Thiago Silva mwaka 2020 akiwa na miaka 35, mechi yake ya mwisho ikiwa fainali ya Ligi ya Mabingwa waliyofungwa na Bayern, msimu uliofuata akalichukua hilohilo kombe akiwa na Chelsea. Hizi mbili ni kosa la kuangalia cheti cha kuzaliwa badala ya kumuangalia mtu anachezaje.

Klabu nyingine zimetengeneza utaratibu wa kulimaliza hili, kwamba ukivuka 30 unaongezewa mwaka mmojammoja. Real Madrid wanajulikana kwa hilo. Faida yake ni kwamba kila mwaka unamuangalia upya, Luka Modrić alikwenda hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka anaondoka 2025 anakaribia miaka 40. Hasara yake ni kwamba kuna siku mkongwe atakataa. Sergio Ramos mwaka 2021 alitaka miaka miwili, klabu ikampa mmoja wenye mshahara pungufu, akazungusha, na alipokuja kukubali akaambiwa ofa ilikuwa na mwisho wake na huo mwisho umeshapita, hayo aliyasema mwenyewe siku ya kuaga. Nahodha, miaka 16 pale, makombe manne ya Ulaya. Wengi waliona ni ukatili. Lakini angalia upande wa pili, Madrid walikuwa wameshamchukua David Alaba akiwa mchezaji huru kutoka Bayern, mwaka uliofuata wakamchukua Antonio Rüdiger naye huru kutoka Chelsea, katikati hapo wakachukua Ligi ya Mabingwa ya 2022, na Ramos msimu wake wa kwanza PSG uliliwa na majeraha. Namna walivyoongea naye siwezi kuitetea, ila ile hesabu ilikuwa sahihi.

Majeraha ndo kitu ambacho mashabiki tunakisahau haraka kuliko vyote, kwa sababu mchezaji tunamkumbuka kwa mechi alizocheza, zile alizokosa hazina picha kichwani. Piga hesabu hivi. Mchezaji wa kwanza analipwa milioni 5 kwa mwaka, ni fundi kweli, ila msimu mzima kacheza dakika 900, sawa na mechi kumi. Kila mechi kamili imekugharimu laki tano. Mwenzake analipwa milioni 3, ni wa kawaida kidogo, ila kacheza dakika 2700, mechi thelathini, kila moja laki moja. Huyo fundi awe bora mara tano kuliko mwenzake ndo mlingane, na hakuna mchezaji aliye bora mara tano kuliko mwenzake wa ligi moja. Halafu angalia na aina ya majeraha. Mfupa uliovunjika kwa kugongwa ukipona umepona, lakini mtu ambaye misimu mitatu mfululizo misuli ya nyuma ya paja inachanika hapohapo, huyo anakwambia msimu wa nne utakuwaje.

Sasa tuje kwenye neno linalodanganya watu kuliko yote, bure. Mchezaji huru sio bure, dau ndo halipo. Wakala anajua umeokoa dau kwahiyo anaomba ada yake, mchezaji anaomba ya kusaini, na mshahara unapanda. Na kumbakisha uliyenaye nako sio bure. Chukua namba za kutunga tu ili tuone. Straika wako ana miaka 30, anataka milioni 8 kwa mwaka kwa miaka mitatu, hiyo ni 24, ongeza 3 ya kusaini na 2 ya wakala, jumla 29. Ukimuacha, kuna kijana wa miaka 23, dau lake 25, mshahara milioni 4, kwa miaka mitatu 12, wakala 2, jumla 39. Ukiishia hapo unasema mkongwe abaki, nimeokoa milioni kumi. Ila miaka mitatu ikipita mkongwe ana 33 na anaondoka, hakuachii kitu. Yule kijana uliyemsainisha miaka mitano ana 26 na bado ana miaka miwili ya mkataba, akiwa amefanya vizuri unamuuza tuseme 20, maana yake amekugharimu 19. Akifeli hanunuliwi na mtu, amekula 39 zote. Kama nafasi ya kufanikiwa ni nusu kwa nusu, kwa wastani utarudisha 10, gharama inakuwa 29, sawasawa kabisa na mkongwe. Kwahiyo suala zima linaishia kwenye swali moja la kikazi, idara yako ya kusaka vipaji inapatia mara ngapi? Klabu inayopatia kwenye usajili inaweza kuwaachia watu na isitetereke. Klabu ambayo kila straika inayemnunua anafeli, naishauri imlipe mkongwe wake.

Kuna jambo la kihasibu linaingia hapa pia na lina uzito kuliko linavyoonekana. Dau la usajili kwenye vitabu linagawanywa kwa miaka ya mkataba, mchezaji wa milioni 50 kwa miaka mitano anahesabiwa 10 kila mwaka, na mkataba unapoisha thamani yake kwenye vitabu ni sifuri. Ndo maana akiondoka bure vitabuni hakuna hasara inayoonekana, na ndo maana viongozi wengine wanalala usingizi, hasara ipo ila haiandikwi popote, ni ile hela ambayo haikuingia. Na aliyekulia kwenye akademi yako hana dau vitabuni, kwahiyo ukimuuza karibu kila kitu ni faida, na akiondoka bure umepoteza faida ya aina nono kuliko zote.

Halafu mshahara wa mmoja haukai peke yake. Ukimpa mtu mmoja pesa ya ajabu, wiki inayofuata mawakala wa wenzake watano wanapiga simu, na kila mazungumzo ya kuongeza mkataba yataanzia kwenye ile namba. UEFA nao wameweka kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 klabu iliyo kwenye mashindano yao isitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwenye mishahara ya wachezaji na kocha, madau yaliyogawanywa na ada za mawakala. Hivyo mkataba mmoja mbaya unakula nafasi ya watu wawili watatu. Barcelona ndo waliofika mwisho kabisa wa hii barabara, mkataba wa Lionel Messi uliisha Juni 2021, yeye anataka kubaki, klabu inataka abaki, na haikuwezekana kumsajili kwa sababu ya ukomo wa gharama wa ligi ya Hispania. Rais wa klabu Joan Laporta alieleza kwamba wakiwa na Messi mishahara ingefika asilimia 110 ya mapato, na hata bila yeye ilikuwa 95. Aliyemuondoa Messi ni mikataba ya watu wengine iliyosainiwa miaka ya nyuma bila kupigiwa hesabu, na sijawahi kuona funzo chungu kuliko lile.

Waliofanya vizuri ninaowapenda mfano wao ni Milan, hao hao waliokosea kwa Pirlo. Gianluigi Donnarumma, kipa wao tangu ana miaka 16, mkataba ukaisha 2021 akiwa na miaka 22. Walimpa ofa nzuri, wakala akataka zaidi, wakasema mwisho wetu ni hapa. Akaenda PSG, na kiangazi hichohicho akawa mchezaji bora wa Euro akiwa na Italia, unaweza kufikiria mashabiki walivyoumia. Lakini Milan walikuwa wameshamsajili Mike Maignan kutoka Lille hata kabla mkataba wa Donnarumma haujafika mwisho, kwa dau dogo ukilinganisha na ubora wake, na msimu wa 2021/22 Maignan akachaguliwa kipa bora wa Serie A na Milan wakachukua ubingwa ambao hawakuuona tangu 2011. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na ukomo wanaoujua na mtu mkononi. Kiangazi hicho walimpoteza pia Hakan Çalhanoğlu, yeye akavuka mtaa tu kwenda Inter, akageuzwa kiungo wa chini na akawa nguzo ya timu iliyochukua ubingwa wa 2024, kwahiyo siwafanyi malaika. Utaratibu mzuri haukuzuii kukosea kwa mtu mmoja, unazuia kosa moja lisikubomolee timu nzima.

Njia nyingine ya kujipa muda ni kipengele cha klabu kuongeza mwaka mmoja. Tottenham walikitumia kwa Son Heung-min Januari 2025, ile wiki ya kwanza ambayo angeweza kuanza kuongea na wengine wakatangaza yupo mpaka 2026. Mwezi Mei akanyanyua kombe la Europa kama nahodha, Agosti wakamuuza Los Angeles FC, akaagwa kwa heshima na klabu ikapata hela kwa mchezaji wa miaka 33. Kipengele kimoja kilichoandikwa miaka minne nyuma ndo kilifanya yote hayo yawezekane. Wakala mzuri atakitaka kiwe na bei, sawa, mlipe.

Nimeongelea mastaa muda mrefu, ila orodha ya wanaomaliza mikataba chini yake kuna watu ambao hakuna anayewaandika. Kipa wa tatu, beki wa akiba, vijana wa akademi. Scott Carson alikaa Manchester City miaka mingi na akacheza mechi mbili tu, lakini alikuwa Mwingereza kwenye orodha yenye ukomo wa wachezaji waliokuzwa nje, yaani ambao hawakulelewa kisoka na klabu za nchi hiyo, anafanya mazoezi kila siku kwa kiwango, halalamiki, na makipa wenzake walikuwa wanamheshimu. Kwenye orodha ya UEFA ya watu 25 kuna nafasi 8 za waliokuzwa ndani na 4 kati ya hizo lazima wawe wamekuzwa na klabu yenyewe, ukikosa watu hao orodha inapungua, hivyo kumuacha kijana wa akademi anayeonekana hana kazi kunaweza kukunyima nafasi mwezi Septemba.

Kwa vijana kuna na fidia ya mafunzo. Mchezaji akihamia nchi nyingine kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, waliomlea kati ya miaka 12 na 21 wanaweza kudai. Ila ndani ya Ulaya klabu ikitaka fidia hiyo mkataba ukiwa umeisha, lazima iwe imempa kijana ofa ya maandishi siku zisizopungua 60 kabla mkataba haujaisha, na ofa hiyo isiwe chini ya anacholipwa. Ni barua tu. Karani akiisahau hela imeenda. Na hata ukiilipwa, angalia Paul Pogba, aliondoka Manchester United 2012 kwenda Juventus kwa fidia ndogo, 2016 wakamrudisha kwa pauni milioni 89, 2022 akaondoka tena bila dau kwenda Juventus ileile. Mchezaji mmoja, klabu moja, mkataba umeishia mikononi mwao mara mbili.

Nani basi aamue? Mimi nasema sio kocha peke yake, na simaanishi kumdharau. Kocha anafikiria Jumamosi ijayo, ni kazi yake, na Jumamosi ijayo mkongwe anayejua mfumo ni bora kuliko kijana anayejifunza, kwahiyo kocha karibu kila mara atataka abaki. Tatizo mkataba ni wa miaka mitatu na kocha mwenyewe anaweza asifike Krismasi. Ndo maana kuna mkurugenzi wa michezo, mtu ambaye anakaa na jedwali la mikataba yote na anaona kwamba mwaka fulani mabeki wanne wanamaliza pamoja, kitu ambacho hakitakiwi kutokea hata siku moja.

Na muwaambie watu mapema. Hili naliongea kwa moyo kabisa. Mbappé akiondoka bure kama alivyoondoka PSG 2024 hatalala njaa, ila wachezaji wengi duniani sio Mbappé, ni watu wa mikataba ya mwaka mmoja, wana kodi na watoto wanaosoma, na wanasubiri mpaka wiki ya mwisho kuambiwa na mtu ambaye ameshaamua tangu Februari. Ukimwambia Februari anapata muda wa kutafuta, wakala wake anazunguka, na wewe mwezi wa sita huna kinyongo kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wanaobaki wanaangalia ulivyomtendea aliyeondoka, na mwakani na wao ni zamu yao.

Nimalizie na Liverpool ya 2024/25, kwa sababu pale mambo haya yote yalikutana. Mohamed Salah, Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold wote watatu waliingia mwaka wa mwisho kwa pamoja. Salah ana miaka 32, van Dijk 33, Trent 26. Msimu mzima ni mjadala huo, huku timu inaenda kuchukua ubingwa. Mwezi Aprili 2025 Salah na van Dijk wakaongeza mpaka 2027, na Trent, aliyekulia pale tangu ana miaka sita, akaondoka kwenda Real Madrid ambao walilipa kiasi kidogo tu ili aachiwe mwezi mmoja mapema acheze Kombe la Dunia la Klabu. Yaani kati ya watatu aliyeondoka ni yule ambaye angeuzwa ghali kuliko wote. Watu walimrushia maneno mazito yule kijana, ila rudi nyuma uangalie ratiba. Mkataba wake ulisainiwa 2021 mpaka 2025, kwahiyo wakati wa kukaa mezani ulikuwa kiangazi cha 2023. Mkurugenzi wa michezo Michael Edwards alikuwa ameondoka 2022, aliyempokea Julian Ward akaondoka 2023, Jörg Schmadtke akashika kwa muda mfupi, Januari 2024 Klopp, ambaye sasa alikuwa kocha wa Liverpool, akatangaza kwamba anaondoka, na Richard Hughes alipokalia kile kiti katikati ya 2024 Trent alikuwa amebakiza mwaka mmoja.